Herufi Kwanza au Lugha Kwanza?

(Nakala ya mazungumzo yaliyosomwa kipindini. Kiongozi wa kikundi cha wasikilizaji anaweza kuwasomea wenzake kwa sauti, na kusimama pale penye mistari mitatu ya nyota ili watu wazungumze.)

MUZIKI UNASIKIKA, KISHA UNASHUKA

MTANGAZAJI: Hamjambo wasikilizaji wetu popote mlipo, kambini, makazini, na ninyi mliorudi kijijini mkakuta nyasi zimeota mlangoni. Barua nyingi tulizopata zinauliza jambo moja: mtu mzima asiyejua kusoma aanzie wapi, na je, aanze moja kwa moja na Kiingereza? Leo tumemwalika mwalimu wa elimu ya watu wazima kutoka Nhica do Rovuma, wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Ameomba tumwite Mwalimu tu. Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Ahsante. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nianze na simu. Mwezi Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, watu tulitawanyika kama mchele uliomwagika. Wengine walipita msituni kwa miguu hadi Nangade na Mueda. Wengine walipanda vyombo kwenda Pemba. Wengine walivuka mto Ruvuma kutafuta usalama upande wa Mtwara, na wengi wao wakarudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Katika kutawanyika huko, mama mmoja ambaye baadaye alikuwa mwanafunzi wangu alipotezana na mwanawe wa kiume. Yeye mwenyewe alifika Mueda akiwa na wajukuu wawili, sufuria, na simu ya kitochi.

Simu ile aliichaji kwa mwenye sola kila alipopata senti, akaivaa shingoni kwa kamba, akisubiri ilie. Haikulia. Ilitoa ule mlio mfupi tu wa ujumbe, kama inavyotoa kila siku kampuni ya simu inapotangaza vifurushi. Mama akaona ni mambo yao yale yale, akaacha. Siku ya tisa mtoto wa jirani aliichukua kuichezea, akasoma kwa sauti: mama mimi mzima, niko ng'ambo, simu haina salio, usilie.

Siku tisa ujumbe ule ulikuwa shingoni mwake. Usiku alikuwa anamlilia mtu ambaye maneno yake yanalala kifuani pake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mazungumzo yangu yote yako hapa. Ujumbe ule uliandikwa kwa Kiswahili. Mama yule nyumbani anasema Kimakonde, lakini Kiswahili amekisema tangu utoto, kama watu wengi wa huku kwetu mpakani. Hakuna neno hata moja katika ujumbe ule ambalo hakulijua. Hakukosa lugha. Alikosa herufi.

Katika darasa hilo hilo nilikuwa na kijana aliyesoma shule ya Kireno hadi darasa la kumi. Ukimpa gazeti analisoma kwa haraka, na anaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Yeye alikuja kwa sababu ya Kiingereza. Kwetu Palma, tangu habari ya gesi ya Afungi ianze, kila kijana anaamini kwamba Kiingereza ndicho kitakachomfungulia lango. Mradi ulisimamishwa Aprili 2021, lakini imani ile haikusimama. Yeye herufi anazo tele. Amekosa lugha.

Watu wawili, wote wanasema, "Mwalimu, nataka kusoma." Lakini wanaomba vitu viwili tofauti kabisa. Na mimi, Mungu anisamehe, niliwapa kitu kimoja.

* * *

Ilikuwa hivi. Pale tulipokimbilia, watu wa mradi mmoja walikuja wakauliza tunataka darasa gani. Vijana wakapaza sauti: Kiingereza! Wazee nao wakaitikia, kwa sababu nani atasema hataki Kiingereza? Tukapewa ubao, madaftari, na kitabu chenye picha ya tufaha. Nikawaweka wote pamoja, nikaandika A, B, C, nikawafundisha majina ya Kiingereza: ei, bii, sii.

Kijana alifurahi. Wazee waliimba. Mtu akipita angesema darasa linakwenda vizuri sana, maana sauti zilisikika mpaka barabarani. Wiki ya tatu niliandika neno moja rahisi la kwetu, "baba". Nikamwomba mama yule wa simu asome. Akaangalia herufi ya kwanza, akasema "bii". Ya pili, "ei". Kisha "bii", kisha "ei". Nikamwuliza, kwa pamoja ni nini? Akajaribu: biieibiiei. Vijana wakacheka. Mama akakunja daftari lake akalitia ndani ya kitenge, akaniaga kwa heshima, na kesho yake hakuja.

Yeye hakukosea. Alisoma kile nilichomfundisha. Aliyekosea ni mimi, niliyempa funguo za nyumba ya jirani nikamwambia afungue mlango wake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipaswa kujua. Mimi nilizaliwa Rutamba, kule Lindi, kwenye makazi ya wakimbizi wa Msumbiji wakati wa vita vya kumwondoa Mreno. Mama yangu mzazi alijifunza kusoma pale, akiwa na watoto wanne. Wakubwa mtakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa kila mahali: chini ya miembe, kwenye maghala, kwenye barza za misikiti. Mwaka 1967 watu wazima wawili kati ya watatu Tanzania hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walikuwa wamebaki wanne kati ya kumi hivi. Na walifundishwa kwa Kiswahili, lugha waliyokuwa nayo mdomoni. Vitabu vya kule Mwanza vilihusu pamba, migomba, samaki. Mama yangu alikuwa akisema alijifunza kusoma kwa muda wa kupalilia shamba mara mbili.

Tukarudi Msumbiji baada ya uhuru wa 1975. Hapo, inasemwa, watu zaidi ya tisa kati ya kumi hawakujua kusoma. Serikali nayo ikaanza kampeni kubwa mwaka 1978, na kazi ilifanyika, siwezi kuidharau. Lakini iliendeshwa kwa Kireno. Mtu wa kijijini alitakiwa ajifunze lugha ngeni na herufi ngeni kwa mkupuo mmoja, jioni, baada ya jembe. Mama yangu aliwaona majirani wakianza na kuacha, wakianza na kuacha. Yeye alikaa nao wakati wa kutwanga, akawafundisha kwanza kwa Kiswahili kwa kuchora mavumbini. Waliorudi darasani baada ya hapo hawakuacha tena. Siku hizi Kimwani, Shimakonde na Kimakua vimeingizwa kwenye shule za msingi za jimbo letu, watoto waanze na lugha ya nyumbani. Ni jambo jema, ingawa limechelewa kwa watu wa umri wangu.

Basi nilimfuata mama wa simu kwake. Nilimkuta anamenya muhogo. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kuomba radhi, nilikufundisha vibaya." Akasema, "Mwalimu, kichwa changu ni kikavu." Nikamwuliza bei ya fungu la dagaa, akanitajia. Nikamwuliza mafungu saba, akanipa jumla kabla sijamaliza kuuliza. Nikamwambia, kichwa kikavu hakihesabu hivyo.

* * *

Sasa niwaeleze tunavyofanya hapa Nhica tangu tuliporudi, mradi msidhani ni dawa ya kila mtu.

Darasa liko chini ya mkorosho. Ubao ni mlango wa nyumba iliyoungua, tumeupaka masizi. Chaki ikikosekana tunaandika kwa kopa la muhogo, linaandika vizuri tu, ila mbuzi huja usiku kuulamba ubao. Tunakutana saa tisa alasiri, siku tatu kwa wiki, tukamaliza jua bado liko juu, kwa sababu hapa hakuna anayependa kutembea gizani. Msimu wa kuokota korosho nafunga darasa mwenyewe. Zamani nilikuwa nakasirika watu wasipokuja, sasa ninafunga, na wote hurudi.

Somo la kwanza la wasiojua herufi ni jina la mahali tulipo. Naandika kwa namna mbili, juu "Nhica", chini "Nyika". Nasoma yote mawili, nao wanasikia ni sauti moja. Wanashangaa. Namna ya juu ni ya Mreno: yeye sauti "nya" huiandika kwa n na h, na "ka" huiandika kwa c. Namna ya chini ni ya Kiswahili. Halafu naandika Quionga na Kionga, Mocímboa na Msimbwa, Rovuma na Ruvuma. Kionga ilikuwa mikononi mwa Wajerumani mpaka 1916. Wareno walipoichukua, hata herufi zake zikabadilishwa. Watu wakiona hivyo wanaelewa jambo ambalo nilikuwa nashindwa kulieleza kwa mwezi mzima: herufi ni nguo, na sauti ndiyo mwili. Mtu mmoja anaweza kuwa na nguo mbili.

Nimechagua jina la kijiji kwa sababu wanalijua na wana uchungu nalo. Sikuigundua njia hii mimi. Mwalimu Mbrazili, Paulo Freire, alipowafundisha vibarua wa mji wa Angicos mwaka 1963, alianza na maneno yanayotoka katika maisha yao, kama tofali, akayakata silabi. Baadaye alifika Dar es Salaam pia na kuzungumza na walimu wa elimu ya watu wazima. Mimi nakata "nyika", tunapata nyi na ka, kisha nya, nye, nyo, nyu, kisha ka, ke, ko, ku. Kwa silabi hizo tu mtu anaandika "nyoka", na neno hilo hakuna asiyetaka kulijua.

Njia nyingine nimeiazima kwa Wacuba. Wana mtindo wao wa kufundisha, uliotumika hata Msumbiji kwa njia ya redio, ambao kila herufi hupewa namba. Watu wazima wengi namba wanazijua tayari kwa sababu ya pesa na simu. Mtu aliyesahau herufi anaikumbuka kwa namba yake. Kwa akina mama wauza samaki imenisaidia sana. Kwa wazee wa kiume imewachanganya, nikaiacha.

Na jambo dogo ambalo lilinichukua miaka kulitambua: macho. Babu mmoja alikuja miezi miwili bila kusonga mbele. Nikadhani ni uzito wa akili, na naona haya kusema hivyo. Siku moja nikaandika herufi kubwa kama sahani, akazisoma zote. Alikuwa haoni daftari. Mtu akipita miaka arobaini na mitano, cha karibu huanza kufifia. Ukiwa unafundisha wazee kambini, kabla hujasema mtu hafahamu, mwandikie herufi kubwa. Kama kuna kliniki ya macho inayopita, wapeleke wanafunzi wako kwanza kabla ya kuomba madaftari.

* * *

Nije kwa Kiingereza, maana najua ndicho mnachokisubiri. Walioko Kakuma na Nakivale wanakihitaji kwenye ofisi na zahanati. Walioko Dzaleka kule Malawi, hivyo hivyo. Ndugu zetu Wakongo na Warundi walioko Maratane, karibu na Nampula, wao wanakutana na Kireno. Kila kambi ina lugha yake ya dirishani, ile ambayo usipoijua unabaki kusukumwa foleni.

Kwa asiyejua herufi, mimi Kiingereza nakifundisha kwa mdomo na masikio tu, miezi ya kwanza. Hakuna kuandika. Tunaigiza zahanati: mmoja daktari, mmoja mgonjwa. Kuumwa kichwa, tangu lini, mtoto ana umri gani, dawa mara ngapi kwa siku. Tunaigiza kituo cha ukaguzi, unatoka wapi, unakwenda wapi. Wazee ni hodari sana wa kuigiza kuliko vijana, hawaoni haya kulia kwa uongo. Wakati huo huo, siku nyingine za wiki, wanajifunza herufi kwa Kiswahili. Njia hizo mbili haziunganishwi mpaka mtu asome Kiswahili bila kusimama.

Sababu yake ni kwamba Kiswahili ni lugha ya kweli kwa msomaji. Ukiona a, ni a, leo na kesho. Kiingereza hakisemi kilivyoandikwa. Chukua neno lake la moja, "one". Anayejifunza atasoma kama tunavyosema "mwache aone". Kumbe wenyewe wanasema "wan". Ukimpa mtu hilo siku ya kwanza, atadhani herufi zote ni mchezo wa karata. Akishakuwa msomaji wa Kiswahili atacheka tu, atasema hawa wenzetu wana mambo.

Kwa yule kijana wa darasa la kumi njia ni nyingine. Yeye aandike na asome tangu siku ya kwanza, lakini aonywe juu ya maneno yanayofanana. Palma tunaishi na lugha tatu nne, na maneno yanavaa nguo za wenzao. "Moto" kwetu unaunguza. Kwa Mreno ni pikipiki. "Come" kwa Mwingereza ni njoo. Kwa Mreno, kwa herufi zile zile, ni anakula. Kubwa kuliko yote ni mlango. Mreno akiandika "puxe" anataka uvute, na inasikika kama "push" ya Mwingereza, ambayo ni sukuma. Kijana wangu alikwenda kwenye usaili wa kazi, akasikia sauti ndani ikimwambia push, naye akavuta mlango kwa nguvu zake zote. Kazi hakupata, ila hajasahau neno hilo tena, na darasa zima halijasahau.

Siwaahidi kazi. Nilipoanza nilikuwa naahidi, kwa sababu ahadi hujaza darasa. Halafu watu wanamaliza, wanakaa, wanakutazama. Sasa nasema tu kwamba utajaza fomu yako mwenyewe na utajua umetia dole gumba kwenye karatasi gani. Wanaokuja kwa hilo ni wachache zaidi, lakini hawaondoki.

Jambo lingine ni aibu. Mtu mzima hapendi kuonekana hajui, hasa mbele ya mkwe wake. Nilikuwa na mzee na mkwewe wa kike darasa moja. Wote wawili walinyamaza wiki tatu, hakuna aliyetaka kukosea mbele ya mwenzake. Nilipowatenganisha siku, walifunguka. Na kicheko nimekipiga marufuku, isipokuwa ninapokosea mimi. Nakosea kwa makusudi mara moja kila somo ili wapate nafasi yao. Siku nyingine nakosea bila makusudi, hapo ndipo wanacheka zaidi.

Mtaniuliza kuhusu yule mama wa simu. Alirudi darasani, akaanza na Nyika, na baada ya msimu mmoja wa mahindi alikuwa anasoma ujumbe wa simu polepole, akifuata kwa kidole. Ule ujumbe wa zamani hajaufuta. Alinionyesha alipousoma mwenyewe mara ya kwanza, na hakusema kitu, alinirudishia chaki tu.

Kisha akataka kuandika. Alikaa na kitochi chini ya mkorosho tangu saa tisa mpaka wenzake wakaondoka, maana kwenye simu ile kila herufi inabonyezwa mara mbili mara tatu. Alimwandikia mwanawe maneno manne, na mawili yalikuwa yamekosa herufi: mwanangu mimi naadika mweyewe. Nikataka kumsahihisha, nikajizuia. Akatuma.

Dakika haikupita, simu ikalia. Alikuwa mwanawe, kwa sauti ya ukali, akiuliza: "We nani? Simu ya mama yangu umeipata wapi?"

MUZIKI UNAPANDA